Mfuko Wenu Unangoja Afe?

Machi 2005, kipindi cha nne, mtoto wa darasa la sita alikuja ofisini mbio akasema, "Mwalimu, mwalimu wa Hesabu anaandika chaki inaanguka. Anaiokota, inaanguka tena." Nilipofika darasani mwenzangu alikuwa ameegemea ubao, mdomo umekwenda upande, anataka kuniambia neno na halitoki. Watoto wamesimama wote, kimya. Ubaoni, mstari wa mgawanyo ulianza umenyooka, ukateleza mpaka ukingoni mwa ubao.

Tulimlaza nyuma ya pikapu iliyokuwa imeleta mbegu za mahindi kwetu Magoma, tukashuka naye Korogwe, hospitali ya Magunga. Kesho yake akapelekwa Bombo, Tanga. Kiharusi. Mkono na mguu wa kulia havina nguvu, maneno yamekwenda. Alikuwa na miaka 41. Ana presha, wakasema, na pengine anayo siku nyingi. Kwetu wengine walisema amepigwa na upepo, wengine walitaka aletwe nyumbani apelekwe kwa mganga. Siwalaumu, kwa sababu hata mimi niliyesoma nilidhani kiharusi ni cha wazee. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba kati ya 2003 na 2006, miaka hiyohiyo, watafiti walikuwa wakihesabu wagonjwa wapya wa kiharusi wilayani Hai na Dar es Salaam, na kwa Dar, baada ya kurekebisha hesabu kwa umri, walipata kiwango cha 316 kwa mwaka katika kila watu 100,000. Kumbe hatukuwa peke yetu.

Sisi wa bonde la Lwengera, tunaokaa katikati ya Usambara ya Magharibi na ya Mashariki, kuzika tunajua. Mtu akifariki alfajiri, saa nne turubai limesimama, kuni zimepasuliwa, masufuria ya majirani yako jikoni, vijana wako makaburini na majembe. Hakuna anayeuliza afanye nini. Kuuguza ndiko tulikokuwa hatujui. Mgonjwa tulikwenda kumjulia hali: kilo ya sukari, mche wa sabuni, pole sana, Mungu atasaidia, robo saa tumeaga. Wiki ya kwanza aliporudi kutoka Bombo nyumba ilijaa watu mpaka uani. Wiki ya tatu nilimkuta mkewe peke yake kizingitini, kajifunga kanga ya kishutu kiunoni, anachambua mchicha, na ndani mgonjwa analia bila sauti kwa sababu kajichafua na hakuna mtu wa pili wa kumgeuza.

Bima ya afya ilikuwapo. Watumishi wa serikali tulianza kukatwa kwa ajili hiyo mwaka 2001, asilimia tatu kwetu na tatu kwa mwajiri, na ile kadi ililipa kitanda na dawa. Nauli za kwenda na kurudi Tanga, chakula cha anayeuguza, shuka za kubadilisha, hayo yalikuwa mzigo wa shemeji. Siku ile ya mchicha nilimwambia kwamba walimu tunamkumbuka. Akaniuliza, "Shemeji, huo mfuko wenu unangoja afe?"

Hakusema kwa hasira. Alikuwa anauliza kweli, kwa sababu alijua mumewe amekatwa kila mwezi kwa miaka minane. Mfuko wetu ulikuwa wa kufa na kuzikana, kama ulivyo kwenye shule nyingi. Katiba yake ilikuwa kurasa mbili kwenye kaunta buku: kufiwa na mzazi, na mwenza, na mtoto, kufa kwa mwanachama. Neno ugonjwa halikuwamo. Mimi ndiye niliyekuwa katibu, na kurasa zile niliziandika kwa mkono wangu.

Nilirudi nyumbani sikula.

Tulipoitisha kikao, mweka hazina alisema jambo la kweli: ugonjwa hauna mwisho, msiba una siku tatu, tukianza kutoa kwa wagonjwa, fedha zitakwisha na siku ya msiba tutaaibika. Tulibishana mpaka jua likawa nyuma ya mlima. Aliyetufungua ni mpishi wa shule, mama mtu mzima ambaye hata mwanachama hakuwa. Alisimama mlangoni na mwiko wake akasema, "Walimu, kwani nani kasema mgonjwa anataka fedha tu? Mmemuuliza mkewe?"

Nikaenda kumuuliza. Jibu lake sijalisahau. Jambo la kwanza alilolitaka lilikuwa saini. Mshahara wa mumewe ulikuwa unaingia benki kila mwezi, lakini benki ile ilitaka saini ileile, na mkono wa saini ndio uliokufa. Alikuwa amekwenda mjini mara mbili akarudishwa. Fedha zao wenyewe zipo, na nyumbani wanakula bada, ugali wa muhogo, kwa dagaa wa kukopa! Mwalimu Mkuu aliandika barua, daktari akaandika yake, afisa mtendaji wa kijiji akagonga muhuri, na mimi nikampeleka mwenzangu Korogwe kwa basi nikiwa nimemkumbatia njia nzima asiangukie upande. Akaweka dole gumba la kushoto kwenye wino. Shughuli nzima ilichukua siku nne, na mfuko haukutoa hata shilingi zaidi ya nauli.

Jambo la pili lilikuwa shamba. Masika yalikuwa yameanza, mahindi ya watu yamefika magotini, lao bado pori. Msaragambo tulikuwa tumeuzoea kwa barabara na vyumba vya madarasa. Jumamosi moja tukautangaza kwa ajili ya shamba la mgonjwa. Walikuja watu ishirini na kitu. Tulichelewa, mavuno yakawa haba, lakini walivuna.

La tatu lilikuwa zamu. Kila siku mtu mmoja, saa moja tu, amkalie mgonjwa ili shemeji aende mtoni au alale. Hapo ndipo mzee mmoja, mkata mkonge mstaafu wa shamba la jirani, alipofika na fungu la singa. Akakaa kitandani, akafunga ncha kwenye dirisha, akautia ule mkono wa kulia katikati ya mikono yake miwili, wakawa wanasokota kamba pamoja. Kila alasiri, miezi kadhaa. Kamba ya kwanza ilikuwa na mafundo kama kiazi kibaya. Mzee aliichukua akaenda nayo, akafungia mbuzi wake, akamleta mbuzi mpaka dirishani mgonjwa aone.

Na maneno yalirudi kwa njia ambayo hakuna aliyeitarajia. Jina la mkewe halikutoka, maji hayakutoka. Siku moja watoto wa darasa la saba wakimwonyesha madaftari, mmoja akawa anahesabu masahihisho kwa sauti, "Moja, mbili, tatu..." na kitandani ikasikika, "Nne. Tano." Aliendelea mpaka ishirini, machozi yanamtoka. Nasikia wenye utaalamu wakisema kwamba hutokea, mtu aliyepoteza usemi akabaki na vitu vya mfululizo kama namba na siku za wiki. Sisi tulijua tu kwamba mwalimu wa Hesabu amerudi kwa mlango wake.

Katiba tuliiandika upya mwaka ule. Ugonjwa uliingia, na chini yake tuliongeza zamu, shamba na karatasi za ofisi, vyote vikiwa wajibu wa mwanachama sawa na mchango. Mwaka 2008 ikaja M-Pesa, hatukuhitaji tena kumpa kondakta bahasha na kumwomba Mungu ifike. Kisha kundi la WhatsApp. Ni neema, sitaisema vibaya: mwaka 2019 mtoto wa mwalimu mwenzetu kijana alipopewa rufaa kwenda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Muhimbili, nauli na posho ya mama ilipatikana kabla ya magharibi. Nimetuma, nimetuma, nimetuma, zilishuka kwenye simu kama mvua.

Nilikuwa bado nazisoma pale boda boda iliposimama uani kwangu. Mwenzangu akateremka, akaegemeza fimbo ukutani, akatoa kaunta buku mfukoni mwa koti. Maneno yake bado ni machache, moja baada ya jingine. Aliniuliza mdogo wa yule mtoto mgonjwa analala kwa nani. Sikujua. Akauliza ng'ombe wa yule mama anakamuliwa na nani. Hilo pia sikulijua.

Akakaa kwenye benchi, akafungua ukurasa mpya juu ya goti, akaandika kwa mkono wa kushoto: 1. Kisha akaniangalia.

"Wewe," akasema. "Jumatatu. Maziwa."