Mkasi wa Mbung'o

Hapa Nkwenda, ukimtaja mbung'o mbele ya mzee mwenye ng'ombe, anakunja uso. Mdudu huyu hubeba kijidudu ambacho wataalamu wanakiita Trypanosoma brucei. Kikimwingia mtu, anaugua malale, na asipotibiwa anakufa.

Sasa sikia maajabu, ndugu msomaji. Kijidudu hiki kina kimeng'enya kiitwacho kathepsini B, ambacho hukata protini nyingine kama mkasi. Wataalamu walipouzima mkasi huo katika panya walioambukizwa, panya wakapona. Lakini binadamu naye ana mkasi unaofanana na huo. Dawa ikikosea inatuumiza sisi wenyewe. Kwa hiyo ilibidi umbo la ule wa adui lijulikane barabara.

Tatizo ni kwamba eksirei huharibu fuwele ndogo za protini kabla hazijaonekana vizuri. Dawa ya moto ikawa moto! Huko Stanford, California, iko leza ya eksirei iliyoanza kazi mwaka 2009. Mpigo wake mmoja ni mkali ajabu, na hudumu femtosekunde chache tu. Igawe sekunde mara milioni moja, kila kipande ukigawe tena mara bilioni moja: hiyo ndiyo femtosekunde. Fuwele inalipuka, lakini picha imeshatoka. Watafiti, wengi wao kutoka Ujerumani, waliunganisha picha karibu 180,000, kila moja na fuwele yake. Mwaka 2013 wakauonyesha mkasi huo katika jarida la Science, pamoja na kifuniko ambacho kijidudu chenyewe hukitumia kuuziba usikate ovyo.

Nilipoyasoma haya nilifurahi, kisha nikajiuliza: dawa iko wapi? Picha si dawa, jamani. Kwa miaka mingi malale yaliyofika kwenye ubongo yalitibiwa kwa melasoproli, sindano yenye aseniki, ambayo mara nyingine ilimuua mgonjwa yenyewe. Vidonge vya feksinidazoli vilivyokubaliwa na wakaguzi wa dawa wa Ulaya Desemba 2023 kwa malale ya huku kwetu Mashariki havikutokana na picha ile. Vilijaribiwa kwa wagonjwa wa Malawi na Uganda, watu waliokubali kumeza.

Wenzangu wenye kalamu, leza imeshapata waandishi wake. Hawa waliomeza bado hawajapata.