Paa la Mama

Mama alinificha kwa misimu miwili ya masika kwamba nyumba inavuja. Nilikuja kujua kwa bahati tu, Desemba moja niliporudi likizo Bomang'ombe nikakuta ndoo tupu ya rangi imekaa juu ya kabati la vyombo. Nikaishusha, nikidhani imewekwa pale kwa kukosa nafasi. Usiku mvua ikanyesha kidogo, tukaamshwa na matone yanayogonga sahani.

"Umeshusha ndoo?" Mama akauliza gizani. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu aliyefumaniwa.

Paa hilo lilikuwa langu. Yaani, hela ilikuwa yangu. Mimi ni binti wa kwanza, nafundisha Kiswahili sekondari huko Dodoma, na kwa miaka mitatu nilikuwa nikijenga kwa mshahara: mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta, halafu unakaa unasubiri. Mafundi wana jina lao la nyumba iliyosimama kuta bila paa. Wanaiita boma. Utasikia fulani ana boma, boma la fulani limeota majani, fulani anauza boma. Kwa mwalimu wa Kiswahili, kuwa na boma katika mji ambao jina lake lenyewe ni boma la ng'ombe ni jambo la kuchekesha. Mama hakucheka. Kwake boma ni pa mifugo. Kila nikipiga simu swali lilikuwa moja: "Nitahamia lini?"

Nilimwelewa. Bibi yangu, kule juu Masama, aliishi kwanza kwenye nyumba ya msonge iliyoezekwa majani, ng'ombe na mbuzi wakiwa humo humo ndani. Kisha ikaja hela ya kahawa. Wazee wa mlimani watakuambia kahawa iliyouzwa kupitia ushirika, ule wa KNCU ulioanzishwa 1933, ilifanya mambo mawili: ilisomesha watoto na ilinunua bati. Bibi alikuwa anakumbuka siku bati lake lilipopanda kuliko alivyokumbuka siku ya harusi yake. Mama alizaliwa chini ya bati hilo. Vihamba vilipogawanywa mpaka vikawa vipande vya kugombewa na ndugu, yeye akateremka huku chini kwenye uwanda, kwenye vumbi na upepo, akapanga chumba kwa miaka mingi. Kwa hiyo nyumba yenye paa lake mwenyewe haikuwa starehe. Ilikuwa ni kurudi alipotoka.

Basi nikaharakisha. Mama akanitajia fundi, kijana wa mwenzake wa jumuiya. Tuliongea kwa simu kama dakika tatu. Nilimuuliza maswali mawili, bei gani na lini utamaliza, akayajibu yote vizuri. "Dada, usiwe na wasiwasi kabisa. Nakupigia paa la kisasa." Nikatuma hela kidogo kidogo kwa simu, naye akanitumia picha. Bati 48 zinang'aa juani, Kilimanjaro nyuma yake imetoa kilele. Nikawaonyesha walimu wenzangu ofisini. Ndugu msomaji, picha ya paa haionyeshi misumari.

Asubuhi baada ya ile mvua nilitaka kumpigia kijana nimwambie maneno yangu yote. Mama akanishika mkono.

"Jumapili nitakaa benchi moja na mama yake. Utanisaidia kukaa?"

Hapo ndipo nilipoelewa ndoo ile. Tunasema fundi wa mtaani ni rahisi, na kweli bei yake ni nafuu. Lakini ukimwajiri umemwajiri na mama yake, na shangazi yake, na jumuiya nzima. Kuvuja kwa paa kunavumilika. Kuvunja ujirani, kwa mwanamke wa miaka sitini na tisa anayeishi peke yake, ni jambo jingine.

Nikaamua kutafuta fundi wa pili, safari hii kwa miguu yangu. Sikuuliza nani fundi mzuri, maana ukiuliza hivyo kila mtu ana mpwa wake. Nilizunguka mtaani nikitazama mapaa ya zamani, yale yaliyoshika kutu lakini yamelala sawa, nikabisha hodi na kuuliza: hili lilipigwa na nani, na upepo ulishawahi kulisumbua? Nyumba tatu zikanitajia mzee mmoja anayekaa upande wa barabara ya Sanya Juu.

Alikuja saa sita mchana, akasema yeye ndiye aliyechagua saa hiyo. Akanywa chai kwanza. Kisha akaomba tufunge milango na madirisha yote, tusimame sebuleni gizani. Dari hatukuwa tumeweka bado.

"Haya mwalimu, tazama juu. Hesabu nyota."

Niliacha kuhesabu nilipofika thelathini.

Alipopanda juu nikapanda ngazi mpaka usawa wa bati. Akanionyesha kwa kidole. Msumari wa bati unapigwa juu ya mgongo, kwa sababu maji hupita bondeni. Mistari miwili ya chini ilikuwa imepigwa bondeni, na mipira ya kuzuia maji ilikuwa imeshapasuka kwa jua. Bati na bati zilipandana mgongo mmoja tu. Halafu akagonga bati chache kwa ukucha na kusikiliza. "Hizi ni nyepesi. Geji hesabu yake iko kinyume, namba ikipanda bati linakonda. Ulilipia 28, hizi sidhani." Nikamuuliza ni fundi gani anafanya kazi kama hii. Akaniangalia.

"Fundi hamsemi fundi. Bati lenyewe limesema, inatosha."

Kisha akaniita ndani, akanionyesha jambo ambalo hata Mama hakulijua. Kenchi zilikuwa zimekaa juu ya ukuta kama kikapu juu ya meza. Hazikufungwa popote. "Nyie mnaona mvua. Mimi naogopa upepo. Upepo ukiingia kwa barazani ukakosa pa kutokea, unalibeba hili lote." Akaelekeza kidevu chumba alicholala Mama.

Jioni nikaandika mkataba. Niliuandika kwa fahari, Kiswahili sanifu, aya nne. "Fundi atafanya kazi kwa ubora, umakini na uaminifu." Mzee alisoma polepole, akavua miwani.

"Mwalimu, ubora una futi ngapi?"

Nikanyamaza.

"Andika," akasema, na mimi, ninayewasahihishia watoto insha, nikaandika imla. Bati geji 28, muhuri wa kiwandani tuusome wote kabla halijapanda gari. Zipandane migongo miwili ubavuni, inchi tisa juu na chini. Msumari mgongoni tu, na mpira wake. Kuanza kupiga upande usiotoka upepo, ili maungio yaupe upepo mgongo. Kila kenchi ifungwe kwenye ukuta kwa waya mnene uliopita chini ya lenta. Vifaa tutanunua pamoja, risiti zikae kwako. Ufundi utalipwa mara tatu: vifaa vikifika, kazi ikiisha, na sehemu ya mwisho mvua ikishanyesha.

"Na kama mvua ikichelewa?"

"Nitasubiri. Mimi ndiye niliyepiga bati."

Hakukuwa na neno uaminifu katika karatasi ile, na ndiyo karatasi ya uaminifu kuliko zote nilizowahi kuandika.

Ilibaki saidia fundi. Mama, aliyekuwa kimya jikoni, akasema, "Aitwe yule kijana." Nikakataa. Mzee akasema taratibu, "Mwache aje aone." Akaja siku ya pili, hakunitazama usoni. Siku tatu aling'oa misumari aliyoigongomea mwenyewe. Bati kumi na nne zilishuka, zikaenda kuwa banda la kuku. Siku ya tatu Mama alipowapakulia kiburu, kijana akasema akiwa ameinamia sahani kwamba kabla ya nyumba yetu alikuwa amebeba bati za watu kwa msimu mmoja, basi. Hakuna aliyemwambia habari ya upepo. Nilikuwa na jibu kali tayari mdomoni. Nikakumbuka maswali yangu mawili ya simu, nikalimeza.

Nilirudi Dodoma shule zilipofunguliwa. Machi, saa nane usiku, simu ikaita. Moyo ulinienda mbio, maana simu za saa hizo tunazijua. Nikapokea, nikasikia kelele kubwa kama gari la mchanga linalomwaga. Nikaita, "Mama! Mama!" Kelele tu. Baadaye sauti yake ikatokea, anapaza kushinda mvua.

"Nimeinyanyua simu juu. Umesikia?"

"Nimesikia. Na ndoo?"

"Nimeifulia jana."

Asubuhi, kabla ya kipindi cha kwanza, nikamtumia mzee hela yake ya mwisho.