Chupa ya Fanta Imeenda Wapi?

Leo sina programu mpya ya kuwaonyesha. Leo naungama kosa.

Desemba iliyopita nilikuwa nyumbani Mukumu. Baba ana kanda zaidi ya thelathini, nyingi za gitaa la omutibo, mtindo wa akina George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963. Aliyewahi kuusikia anajua: gitaa mbele, na kando yake mtu anakwaruza chupa ya Fanta, kwacha kwacha. Hiyo ndiyo ngoma yenyewe.

Nikaamua kumpa Baba zawadi. Niliunganisha redio kaseti na laptopu, nikarekodi kila kanda, nikazigeuza kuwa MP3 za kilobiti 64 kwa sekunde ili zote zienee kwenye fleshi moja kuukuu. Hesabu ilinifurahisha. Wimbo wa dakika 3 kwa kiwango cha CD, yaani kilobiti 1,411 kwa sekunde, unakula karibu megabaiti 32. Wangu ulikula 1.4 tu. Faili kubwa za mwanzo nikazifuta, maana diski ilikuwa imejaa.

Baba akachomeka fleshi kwenye sabufa. Alifurahi kweli. Hakuna kugeuza upande, hakuna kurudisha kanda kwa kalamu ya biki. Wimbo wa tatu akanyamaza, kisha akaniuliza, "Mwanangu, chupa imeenda wapi?"

Nikasikiliza. Badala ya mkwaruzo kulikuwa na kitu kama maji yanayochuruzika juu ya bati. MP3 huokoa nafasi kwa kutupa sauti ambazo sikio linadhaniwa halitazikosa. Ukiibana mno, sauti nyembamba za juu hukatwa, na milio mifupi ya ghafla huvurugika. Chupa ni vyote viwili.

Kanda nyingi nilizirekodi upya. Moja ilinishinda: ile ya Baba Mkubwa akipiga gitaa kwenye harusi. Mara ya pili redio iliitafuna. Baba Mkubwa hayupo tena, na kilichobaki ni ile faili ya kilobiti 64. Hata niigeuze iwe WAV, kilichotupwa hakirudi. Unga haurudi kuwa mahindi.

Siwaambii muache fleshi. Baba anasikiliza muziki sasa kuliko miaka mingi iliyopita, na kanda nazo zilikuwa na mvumo wake. Urahisi haukuwa kosa. Kosa lilikuwa kuifanya nakala rahisi iwe nakala pekee. Siku hizi nahifadhi kwa FLAC, ambayo hubana bila kutupa chochote, kwenye diski mbili. Baba nampa MP3 ya kilobiti 192, na chupa inasikika.

Mna kanda za wazee nyumbani? Anzeni na ile isiyouzwa dukani. Na msifute chochote kabla mwenyewe hajaisikiliza.