Nani Aliyewalimia Askari? Tafakuri juu ya Usuli wa Jeshi la Kubuni

Likizo ya Desemba nilikwenda Kilifi kwa dada yangu, nimebeba bunda la karatasi za mtihani nikidhani nitazisahihisha kwa utulivu wa upepo wa kaskazi. Sikufanikiwa. Mpwa wangu, kijana wa miaka 14, alikuwa ametumiwa kutoka Uingereza sanduku la askari wadogo wa plastiki, kila mmoja mrefu kama kidole gumba, wamevaa deraya nzito za zama ambazo hazijafika bado. Askari hao hawakutosha mchezo. Pengo akalijaza kwa alichokipata ufuoni: ndara zilizotupwa na bahari alizikata kwa wembe akachonga mabega na vichwa, na vizibo vya soda akavifanya vya kuwasimamishia. Baada ya kuniamkia shikamoo hakuniuliza habari za Nairobi. Alinipeleka mezani moja kwa moja, akasema: "Mjomba, wewe si mwalimu wa hadithi? Hawa hawana kwao. Watafutie kwao."

Mchezo wenyewe ni Warhammer 40,000, uliobuniwa na Rick Priestley na kutolewa Uingereza mwaka 1987. Wachezaji hukabiliana mezani, hupima hatua za majeshi yao kwa utepe, hutupa dadu, kisha huwaondoa waliokufa. Matukio yake yamewekwa katika milenia ya 41, wakati ambapo wanadamu wametapakaa katika nyota na vita havina mwisho. Hata hivyo, lililonivuta mimi halikuwa dadu. Ni desturi ya wachezaji kwamba jeshi halikamiliki kwa kupakwa rangi tu; sharti lipewe jina, nembo, mwasisi, sayari lilikotoka, vita lilivyoshinda na aibu inayolisumbua. Usuli huu wa kubuni hauongezi nukta moja katika dadu. Jeshi lisilo na usuli hupigana sawasawa na lile lenye usuli wa kurasa mia. Kwa nini basi watu hutumia miezi kuuandika? Makala haya ni jaribio la kulijibu swali hilo, nalo limenifikisha mahali ambapo sikukusudia kufika.

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili hataliona ombi la kijana huyu kuwa jambo geni. Mwaka 1728, kule Pate, Mwengo wa Athumani alitunga Utendi wa Tambuka, akayapa majeshi mawili ya mbali majina, mabingwa, hotuba na sababu za kupigana. Safari ya Tabuk ya mwaka 630 haikuishia katika pambano kubwa na Warumi. Pambano lile kubwa ni la utendi. Fauka ya hayo, tarehe za miji yetu, mathalani ile ya Pate, aghalabu huanzia pale mtawala anaposhuka kutoka chomboni, kana kwamba pwani ilikuwa kimya ikimngoja. Vilevile mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, vyama vya beni vilivyochipuka Lamu na Mombasa viliunda majeshi ya ngoma yenye vyeo, sare na maakida. Kwa ufupi, sisi ni watu waliozoea kulitungia jeshi asili yake. Nilimwambia mpwa wangu anipe siku mbili.

Nasadiki kwamba rasimu yangu ya kwanza ilikuwa nzuri, na uzuri huo ndio ulionipumbaza. Nililianzishia jeshi lile safari yake Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, mahali ambapo Waitalia walisimamisha jukwaa la San Marco baharini wakarusha setilaiti tangu mwaka 1967 hadi 1988. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, ilirushwa kutoka hapo setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miali ya eksirei itokayo katika nyota, ya kwanza ya aina yake, ikapewa jina la Uhuru. Mwandishi wa bunilizi ya kisayansi angeomba nini zaidi? Nikasimulia kwamba watu wa pwani walipanda vyombo pale Ngomeni, wakahama kuelekea nyota ya kaskazini, wakafukuzwa huko na adui mkali, wakarejea kusini kwa makundi tisa, na kila kundi likajenga kaya yake ya chuma katika msitu wa vimondo, likazika fingo lake katikati.

Msomaji ameshatambua nilikokopa. Hicho ni kisakale cha Shungwaya, kinachoeleza jinsi Wamijikenda walivyoteremka kutoka kaskazini na kujijengea makaya. Wanahistoria wamekibishania sana. R. F. Morton alidai mwaka 1972 kwamba simulizi hii ya asili si ya kale kama inavyodhaniwa, ilhali Thomas Spear aliitetea mwaka 1978 kama kumbukumbu ya uhamaji wa kweli. Mimi si mwanahistoria, wala sikuwa na haja ya kuamua nani kasibu. Nilichokihitaji ni umbo: kutoka, kufukuzwa, kutangatanga, kutulia. Umbo hilo lina nguvu kwa sababu linawapa watu haki ya kuwa walipo bila kuwalazimu kueleza walimkuta nani hapo.

Nilimsomea mpwa wangu rasimu ile jioni. Alisikiliza kwa adabu hadi mwisho. Kisha akakivuta mbele kile kikosi chake cha ndara, na hapo ndipo nilipoona kwamba wale wa plastiki wote walikuwa na silaha lakini wale wa ndara hawakuwa nazo. Alikuwa amewachonga wameinama.

"Na hawa je, mjomba?"

"Hao ni nani?"

"Ni wa kubeba. Jeshi halili mchanga. Kuna anayelima, kuna anayebeba. Umesema wale wametoka nyota ya kaskazini. Hawa wametoka wapi? Nani aliwalimia wale askari?"

Sikuwa na jibu. Katika kurasa sita nilikuwa nimetaja wafalme wanne, mapanga mawili yenye majina na vita saba, na hapakuwa na shamba hata moja.

Lau kijana huyu angeishi mahali pengine, yamkini swali lake lingekuwa la kawaida. Malindi na Kilifi ni pwani ambako swali hilo lina historia. Mji wa Malindi, uliokuwa umehamwa, ulikaliwa upya mwanzoni mwa miaka ya 1860 chini ya himaya ya Sultani wa Zanzibar, na utajiri wake ukawa mtama na ufuta uliosafirishwa kwa majahazi. Frederick Cooper, katika utafiti wake wa mwaka 1977 kuhusu mashamba ya pwani ya Afrika Mashariki, ameonyesha bayana kwamba mashamba ya Malindi na Mambrui yalilimwa kwa jasho la watumwa, wengi wao wakiwa wameletwa kutoka kusini. Hali ya utumwa haikufutwa kisheria katika ukanda huu hadi mwaka 1907. Ni jana tu, kwa hesabu ya vizazi. Mtu aliyezaliwa utumwani aliweza kumpakata mjukuu, na mjukuu huyo akasimulia mbele ya watu tunaowajua.

Hapa sina budi kuingia nyumbani mwangu mwenyewe. Kwetu Malindi kuna karatasi ya nasaba iliyokunjwa ndani ya kitambaa cheupe. Nilipokuwa mtoto nilioneshwa mara mbili, na mara zote mbili niliambiwa nioshe mikono kwanza. Ni msururu wa majina ya wanaume, bin baada ya bin, hadi Shihri ng'ambo ya bahari. Mke hatajwi wala mama hatajwi. Kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi wangu kutafuta sauti zilizonyamazishwa katika matini, nikatumia istilahi zote zinazotakikana, na sikuwahi kujiuliza wanaume wale walizaa na nani. Nilipoliandikia jeshi la plastiki usuli wake nilirudia hati ileile: wenye silaha wana asili, na wasio na silaha wapo tu.

Naam, hilo ndilo jibu la swali nililoanza nalo, au sehemu yake. Usuli haumsaidii askari kupigana. Unampa ruhusa. Unamwambia aliyeshika dadu kwamba huyu ana kwao, kwa hiyo kifo chake ni msiba, na yule hana kwao, kwa hiyo kifo chake ni hesabu. Sisi wahakiki tumezoea kuuona usuli wa wahusika kama pambo la mandhari, jambo la kutajwa katika aya moja kabla ya kuingia katika maudhui. Nadhani tunakosea. Usuli ni mgawo: huamua nani atapewa jana na nani atanyimwa. Atakayenyimwa jana ni vigumu kwake kudai kesho, hata katika milenia ya 41.

Kuna sadfa ya tarehe ambayo tangu siku ile hainitoki akilini. H. G. Wells, ambaye mwaka 1898 aliandika riwaya ya watu wa Mirihi wanaoivamia Uingereza, na akawakumbusha wasomaji wake mapema kabisa namna Wazungu walivyowaangamiza wenyeji wa Tasmania, alichapisha mwaka 1913 kitabu kidogo kiitwacho Little Wars. Ni kanuni za kupigana vita vya askari wa sanamu sakafuni, na hoja yake ilikuwa kwamba vita vidogo ni bora mara elfu kuliko vile vikubwa. Mwaka huohuo wa 1913, Mekatilili wa Menza aliwakusanya Wagiriama Kaya Fungo, wakala viapo dhidi ya kodi, dhidi ya kutolewa vibarua, dhidi ya kufukuzwa katika ardhi ya kaskazini ya mto Sabaki. Serikali ilimkamata ikampeleka mbali magharibi mwa nchi, naye akatoroka. Agosti 1914 Waingereza waliilipua kaya ile kwa baruti. Kwa hiyo wakati bwana mmoja alipokuwa akipiga magoti sakafuni Uingereza na kuwapanga askari wake wa risasi, wenzake serikalini walikuwa wakipanga wa kwao huku. Simlaumu Wells, aliyekuwa miongoni mwa wachache walioliona jambo hili upande wa pili. Ninachosema ni kwamba meza ya mchezo haikuwahi kuwa mbali na Kilifi.

Nilianza upya. Mara hii niliwaendea watoro. Kitabu cha Fred Morton cha mwaka 1990 kuhusu waliokombolewa na waliotoroka utumwani katika pwani ya Kenya (Morton huyu ndiye yule aliyeitilia shaka Shungwaya) kinaeleza makazi kama Fuladoyo, katika nchi ya Wagiriama, ambako waliokimbia mashamba walijikusanya, wakalima chakula chao, wakajilinda. Nikawapa watu wa ndara usuli huo: walikuwa wabebaji katika merikebu za angani, wakaruka usiku mmoja na mbegu za ufuta mifukoni, wakajenga mji wao nyuma ya jua. Wale wa plastiki nikawafanya mabwana wanaowasaka. Nilijiona nimelipa deni.

"Sasa hawa wa plastiki ni wabaya tu?" mpwa wangu akauliza. "Nani atakubali kuwachezea?"

Swali lilikuwa la mchezaji, lakini lilifichua udhaifu wa mtunzi. Nilikuwa nimegeuza meza bila kubadilisha mgawo. Jana niliyowapa hawa niliwapokonya wale. Ndipo nilipoikumbuka riwaya ya kisayansi ambayo mzawa wa pwani hiihii ya Kilifi alituandikia kwa Kiswahili. Katika Walenisi, iliyotoka mwaka 1995, Katama Mkangi anamtia mhusika wake Dzombo katika chombo cha angani kilichokusudiwa kuwa adhabu yake, naye anafika katika nchi ya watu walio sawa. Jina la nchi hiyo linafumbuka ukilitamka polepole: wale ni sisi. Nimelifundisha jina hilo mara nyingi kama kejeli ya kisiasa, kwa kuwa mwandishi alikuwa amewahi kuwekwa kizuizini bila kesi mwaka 1986. Sikuwahi kulisoma kama kanuni ya utunzi. Adui aliye mezani naye sharti aulizwe kwao, na ukiuliza kwa uaminifu utafika katika nyumba uliyotoka.

Rasimu ya tatu tuliiandika pamoja. Majeshi yote mawili yalizaliwa na bibi mmoja, aliyepandishwa merikebuni bila hiari yake. Watoto aliozaa na nahodha walirithi deraya, na wale aliozaa kabla ya nahodha walirithi mizigo. Wote wanajua wimbo aliowaimbia, ila upande mmoja umesahau maneno.

Siku ya mwisho niliisoma rasimu hiyo barazani. Mama yangu, aliyekuja kutoka Malindi kututazama, alikuwa akichambua kunde, nami sikudhani anasikiliza.

"Hayo ni ya nani?" akauliza.

"Ya jeshi la mjukuu wako."

Alichambua kunde kwa muda. Kisha akataja jina la mwanamke na jina la mahali penye maji mengi, mbali kusini, akasema huyo ni bibi wa bibi yake, na kwamba aliambiwa hayo mara moja tu, akakatazwa kuyarudia. "Usiliandike jina lake," akaniambia. Sikuliandika, wala halimo katika makala haya. Hata hivyo mpwa wangu alilisikia.

Asubuhi yake, nilipokuwa nikifunga bunda la mitihani niliyoirudisha bila kuisahihisha, nilipita mezani. Vita vilikuwa vimeanza, na askari kadhaa wa pande zote mbili walikuwa wameshaondolewa. Pembeni, nje ya mipaka ya uwanja, kijana alikuwa amesimamisha umbo jipya la ndara juu ya kizibo, halina silaha wala halikuinama. Nilimuuliza huyo anapigania upande gani.

"Huyo hachezi, mjomba," akasema. "Huyo anatazama."