Usilipe Midomo ya Majirani

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma, na kwa kuwa jambo lenyewe si la kumaliza kwa simu, nimeona afadhali niandike.

Umenieleza kwamba kitalu chako hapo Runyenjes kando ya barabara ya Meru kimejaa miche ya avokado na makadamia, wanunuzi ni wachache, na sasa unafikiria kumpa shilingi 20 kwa kila mche yeyote atakayekuletea mteja: akina mama wa kanisani, vijana wa bodaboda wa pale steji, hata mwalimu wako wa zamani. Wao wakisifu, wewe utoe kitu kidogo. Jibu langu ni hapana. Lakini najua hukuniuliza ili nikukataze tu, kwa hiyo nisikilize mpaka mwisho.

Wazee walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Walisema kweli kwa muuza uji: mtu akinywa uji mzuri asubuhi sokoni Runyenjes, kabla ya saa sita ameshamwambia mwenzake. Mche haujiuzi hivyo. Mche wa Hass uliopandikizwa vizuri, na ule ulioota kwa kokwa tu kisha tapeli akaufunga utepe shingoni, mkulima wa kawaida akisimama mbele yako hawezi kuitofautisha. Wa kwanza utaanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi. Wa pili utamngojesha miaka mingi, na tunda likija litakuwa lolote, maana kokwa ya avokado haizai mfano wa mama yake. Wema wa bidhaa yako umefichika mpaka mteja awe ameshachimba mashimo, akamwaga samadi, akapalilia na kungoja. Leo ananunua kwa imani, na kwa kuwa wewe hakujui, anaazima imani ya mtu anayemjua.

Sasa mfikirie huyo anayeazimwa. Mama akisimama nje ya kanisa kule Kyeni akasema, "Nenda kwa yule kijana wa Runyenjes," ameweka jina lake rehani. Miche ikifa au ikizaa vioja, wewe uko mbali. Yeye ndiye atakayekutana na jirani huyo kila Jumapili. Anakubali hatari hiyo bure kwa sababu anamtakia jirani mema. Siku utakayompa shilingi 20 umemfanya broka, na sisi watu wa kahawa na makadamia hatuhitaji kufundishwa jinsi maneno ya broka yanavyopokewa. Tena mambo ya pesa hayafichiki Runyenjes. Yakijulikana, hata sifa alizokupa zamani kwa moyo mweupe zitahesabiwa kuwa zilinunuliwa.

Vijana wa bodaboda ni habari nyingine. Walipe kwa kubeba miche, uwalipe vizuri, na watu waone. Hiyo ni kazi.

Nilipokuwa afisa wa kilimo, kabla sijastaafu, tulikuwa tukirudia mara kwa mara utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 1943. Wasomi wawili, Bryce Ryan na Neal Gross, waliwahoji wakulima 259 wa jimbo la Iowa kuhusu mbegu mpya ya mahindi chotara. Kati ya 1928 na 1941 karibu wote walikuwa wameikubali. Waliobaki walikuwa wawili tu. Walipoulizwa habari hizo walizisikia wapi kwanza, wengi walimtaja muuzaji wa mbegu. Walipoulizwa ni nani hasa aliyewafanya waamue, jirani akatajwa zaidi. Na hata baada ya kuamua, wengi walijaribu kwanza sehemu ndogo ya shamba. Mimi niliyaona hayo hayo huku kwetu na mahindi ya H511. Ningeweza kuzungumza kwenye baraza la chifu mpaka sauti ikauke. Mtu aliyekuwa akitazama mahindi ya jirani juu ya ua wala hakuhitaji hotuba yangu.

Kwa hiyo bango lako na picha unazoweka kwenye WhatsApp usizitupe. Hizo ndizo muuzaji wa mbegu: zinafikisha habari kwamba upo. Kosa ni kuzitaka zifanye na kazi ya jirani. Na tukiwa kwenye picha, usimpige mteja picha na kumtangaza bila ruhusa yake. Mwaka 2023 Kamishna wa Data alikitoza kilabu kimoja cha Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuanika mtandaoni picha ya mteja ambaye hakuwa ameridhia. Wewe huna fedha za mchezo huo.

Hii Hass unayouza ina kisa chake. Rudolph Hass alikuwa tarishi wa posta huko California. Mti uliota shambani mwake kwa bahati, na mwaka 1935 akapata hataza yake. Watu walioonja waliupenda, neno likaenea, na leo aina hiyo ndiyo inayotawala biashara ya avokado duniani. Lakini yeye hakutajirika nayo, kwani wakulima walinunua mti mmoja kisha wakakata vijiti na kupandikiza wenyewe mashamba mazima. Nakusimulia ili usidhani sifa ya mti ni sifa yako. Hass haihitaji kutangazwa na mtu wa Runyenjes. Kinachouliziwa kwako ni kama Hass yako ni Hass kweli, na kama ukipigiwa simu utaishika.

Na simu hizo zitakuja. Weka daftari: nani alichukua nini, lini, vijiti vilitoka mti gani, na nani alimtuma kwako. Hilo la mwisho wengi hawaliandiki. Mteja akilalamika, usiende kwake moja kwa moja; pitia kwanza kwa aliyekutaja, mwambie umesikia na utafanya nini, ili asije akaaibishwa na jambo ambalo halijui. Tenga miche ya kufidia iliyokufa msimu wa kwanza. Ndani ya mche mmoja wa bure kuna maneno mengi kuliko shilingi zako 20, na maneno hayo hakuna atakayesema yamenunuliwa.

Mengine utayapata kwa kukataa kuuza. Akija mtu wa upande wa Mbeere ambako ni kukavu, hana maji ya kumwagilia, usimbebeshe Hass mia kwa sababu pesa ameshika mkononi. Mwambie apande maembe, au aanze na miche mitano aone. Atakushangaa. Nakuhakikishia atasimulia.

Kisha nakuomba kitu kimoja kwa ukali kidogo: uza mche, usiuze bei. Bei ya makadamia ilipoporomoka mwaka 2023, niliwasikia watu wakiwatukana wenye vitalu, si wanunuzi wa njugu wala soko la dunia. Wenye vitalu hawakupanga bei ile, lakini baadhi yao walikuwa wamepita vijijini wakipiga hesabu za mamilioni kwa ekari, na mkulima hukumbuka aliyempigia hesabu. Ukiulizwa faida, waeleze kwamba Embu 1 au Murang'a 20 ni aina za makadamia zilizochaguliwa hapa nchini kwa kuzaa vizuri, waeleze mti unahitaji nini, unyamaze. Kibali cha kitalu kibandike mahali pa kuonekana, asisumbuke mtu kukiulizia.

Najua unachosema moyoni: miaka mitatu ni mingi, na mkopo wa chama hauna subira. Ni kweli. Ndiyo maana nakushauri uongeze miche ya mazao ya haraka, sukumawiki, nyanya na matunda ya pasheni, ambayo mteja huona matokeo mapema, akapata la kusema juu yako mwaka huu huu. Halafu rudi kwa wale waliochukua avokado zako za kwanza kule Kigaa na Ugweri. Miti yao inakaribia kuzaa. Usiende kuuza, peleka makasi, uwaonyeshe kupogoa. Majirani watapita njiani na kuuliza huyo ni nani.

Labda umeudhika kwamba mimi, shangazi yako, sijakutaja kwa mtu hata mmoja katika chama chetu. Wameniuliza zaidi ya mara moja miche yangu miwili niliipata wapi. Nimewaambia wangoje nivune.

Shangazi yako,
Embu