Karatasi Zilizopungua Stoo

Kwa karibu miaka miwili niliwaambia wakurugenzi wa kampuni ya bima niliyokuwa nikiifanyia kazi Dar es Salaam kwamba tumepunguza karatasi. Niliwaonyesha grafu, wakaniamini, na mimi mwenyewe niliiamini. Karatasi hazikupungua. Zilizopungua ni rimu zilizonunuliwa na stoo yetu; mzigo uliobaki niliwasukumia makarani, wateja na kina mama wa usafi. Naandika haya kwa sababu kila nikikutana na mameneja wenzangu wa mabenki na mashirika, naona wanaanza palepale nilipoanzia mimi, na wanapimwa kwa kipimo kilekile.

Nilikuwa meneja wa utawala. Rimu moja ya A4 ya gramu 80 ina karatasi 500 na uzito wa kilo mbili na nusu hivi. Katoni ya rimu tano si mzigo wa kubeba kwa mkono mmoja, nasi tulizipandisha katoni hizo kwa toroli kila wiki. Masijala ilikuwa imejaa hadi mafaili yakapangwa kwenye ngazi za dharura. Haja ya kupunguza ilikuwepo, tena kubwa. Kosa langu liko kwenye njia niliyoichagua.

Niliondoa printa za mezani, nikabakiza moja kila ghorofa, yenye namba ya siri kwa kila mfanyakazi na mgao wa kurasa kwa kila idara. Niliondoa ndoo za taka chini ya meza, nikaweka mapipa ya rangi tatu karibu na lifti. Robo ya kwanza manunuzi ya rimu yalishuka sana. Robo ya pili yakashuka tena. Takwimu hizo zikaingia kwenye taarifa ya mwaka pamoja na picha ya mapipa.

Fomu sikuzigusa. Chukua dai moja la ajali ya gari. Mteja analeta fomu ya madai, ripoti ya polisi, kopi ya leseni, kopi ya kadi ya gari na makadirio ya gereji. Kwetu seti hiyo ilitakiwa mara tatu: moja idara ya madai, moja fedha, moja ukaguzi wa ndani. Kila idara ilikuwa na faili lake kwa kuwa hakuna iliyoliamini faili la mwenzake. Malipo yakienda kwa asiyestahili, swali la kwanza lilikuwa nani alisaini, na asiyekuwa na nakala ndiye aliyeitwa kamati ya nidhamu. Karani kijana anayejitunzia kopi ya kila kitu hapendi karatasi kuliko mtu mwingine. Anajilinda, na ana haki ya kujilinda mahali ambapo kumbukumbu ya mkubwa huaminiwa kuliko neno la mdogo.

Haya niliyajua. Nilianza kazi masijala, nimefunga mafaili kwa kamba, nimeona watu wakinusurika kwa sababu ya dokezo moja lenye muhuri. Nilijua pia kwamba sheria haikutudai nakala tatu. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, Tanzania inaitambua saini ya kielektroniki na kumbukumbu iliyotunzwa kwenye kompyuta. Lakini kuwaketisha wakuu watatu wa idara na kuwaambia watumie faili moja kulihitaji ugomvi, na ugomvi huo sikuutaka. Printa haibishani na mtu, kwa hiyo niliondoa printa.

Abigail Sellen na Richard Harper walikwisha kulichunguza jambo hili katika The Myth of the Paperless Office, kitabu kilichotoka mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wao walitazama kwanza watu wanaitumia karatasi kwa kazi gani, kabla ya kuuliza namna ya kuiondoa. Nilikisoma baadaye. Sitaki kusingizia kwamba ningekisoma mapema ningefanya vingine, maana sikukosa maarifa.

Ukweli ulitoka kwa njia ambayo sikuitarajia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na mwanasheria wa kampuni akatuita tueleze nyaraka za wateja zinapita wapi tangu zinapopokelewa hadi zinapofungiwa. Sote tulijibu kama tulivyoandika kwenye taratibu. Zamu ilipomfikia karani mmoja wa madai, alinitazama kwanza, kisha akasema, "Samahani mama, nyingine zinapita steshenari ya hapo chini."

Nilimuuliza kwa nini.

"Mgao wetu unaisha kabla ya mwezi. Nikisubiri, dai la mtu linakaa. Basi namtumia yule kaka kwa WhatsApp, anachapa, namlipa."

"Nani anakurudishia hela?"

"Hakuna, mama."

Hakuwa peke yake. Mwenye nauli ya daladala ya kuhesabu alikuwa akilipia karatasi za kampuni kubwa ya bima. Wateja nao, walipofika kaunta na kopi moja, walielekezwa kwenda nje wakatoe mbili zaidi. Hata yule aliyegongewa gari na kuja amefungwa bendeji aliambiwa hivyo. Karatasi zote zile zilirudi jengoni kwetu na kuingia mafaili yaleyale matatu. Hazikuingia kwenye grafu yangu kwa sababu hazikupitia stoo.

Nilishuka steshenari. Kwenye kompyuta ya yule kijana zilijaa leseni, kadi za magari na ripoti za polisi za watu waliotuamini. Kurasa zilizoharibika zilikuwa kwenye boksi chini ya mashine ya kopi. Nilipomuuliza zinakwenda wapi, alinijibu bila kuficha: wauza karanga huja kuzichukua za kufungia. Sina la kumlaumu, kwani hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kumwambia kuwa zile ni siri za watu. Jina la mteja, namba yake ya simu na anapoishi vimezunguka mjini vikiwa vimefungia karanga, na hakuna awezaye kuvirudisha.

Hata hivyo, jambo linaloniumiza zaidi linawahusu kina mama wa usafi. Kabla ya mapipa yangu, walikuwa wakichambua karatasi za ofisi kila jioni na kuziweka kwenye viroba nyuma ya jengo. Walijua kuwa nyeupe ina bei kuliko ya rangi, kwamba moja iliyoloa chai au mafuta ya chipsi inaweza kuharibu kiroba kizima, na kwamba karatasi laini za risiti hazichanganywi na nyingine. Mnunuzi alikuja na mzani, akawalipa kwa kilo. Karatasi kama hizo hurudi viwandani zikawa trei za mayai na karatasi za chooni. Kwa kifupi, jengo letu lilikuwa na mfumo wa urejelezaji unaofanya kazi. Ulihitaji mashine ya kukatakata nyaraka za siri kabla ya viroba kufungwa, basi. Ningeinunua na kuwaachia kazi yao.

Mimi niliona viroba vinachafua mandhari. Nikapiga marufuku, nikasaini mkataba na kampuni ya kuzoa taka iliyoahidi kuzitenganisha. Msimamizi wa wale kina mama alikuja ofisini kwangu akasimama mlangoni. "Shikamoo mama. Tumekosa nini?" Nilimjibu habari za viwango na usafi. Sikumuuliza fedha ile inawasaidia nini, wala yeye hakunieleza. Baadaye nilifahamu kwamba walikuwa wakichezea upatu.

Na lile lori la mkandarasi? Baada ya mambo ya steshenari niliamka mapema nikalisubiri. Vijana walimwaga pipa la bluu, la kijani na jeusi ndani ya tumbo moja, likaondoka kuelekea dampo la Pugu Kinyamwezi. Sikuwahi kulitazama kabla ya siku hiyo. Mkataba ulikuwa na sahihi yangu, na kila mwezi nilikuwa nimeidhinisha malipo.

Ule ugomvi niliouogopa niliuanza mwaka huohuo. Ulikuwa mkali, lakini uliisha: faili moja la kielektroniki, kila idara inaona nani alifanya nini na saa ngapi, karani akiwa na ulinzi uleule aliokuwa akiutafuta kwenye kopi. Kaunta wanaskani hati ya mteja na kumrudishia papo hapo. Niliomba makarani warudishiwe fedha zao. Idara ya fedha ikataka risiti, na risiti hazikuwepo. Hilo limebaki deni. Nilimwandikia katibu wa bodi pia kwamba takwimu zangu kwenye taarifa ya mwaka si za kweli na zinastahili kusahihishwa. Barua ilipokelewa. Taarifa haijasahihishwa.

Wale kina mama walikwisha kuhamishwa na kampuni yao ya usafi. Nimempata mmoja tu, yule msimamizi, sasa anauza mboga Buguruni. Nilimwomba radhi mbele ya meza yake, naye akanipokea vizuri kuliko nilivyostahili, kisha akaniuliza kama ofisi bado inatupa karatasi nyeupe, maana mnunuzi wa zamani anamfahamu. Nilimpa namba ya aliyenirithi. Huyo nimemwandikia kwamba mama huyo akipiga simu, asimwelekeze kwa mkandarasi.