Linkin Park wakiiacha hiyo ngoma, waacheni

Kila Linkin Park wakipiga shoo, kabla watu hawajafika nyumbani, orodha ya ngoma zote ishaingia kwa simu za mashabiki dunia nzima. Ya kwanza ilikuwa gani, ya mwisho gani, gani imeachwa. Halafu vita inaanza. Mmoja anauliza mbona wamepiga ngoma nyingi hivi za albamu mpya. Mwingine analalamika kwamba Hybrid Theory imepewa nafasi ndogo. Wa tatu hana shida na kilichopigwa, shida yake ni kile ambacho hakikupigwa. Huyo anataka "One More Light".

Niko kwa grupu moja ya WhatsApp ya wasee wa roki hapa Nairobi, watu kama 30 hivi, na hii stori haijaisha tangu bendi irudi. Hakuna hata mmoja wetu amewahi kuwaona jukwaani. Tunabishana kuhusu shoo za Los Angeles na London tukiwa tumekwama kwa jam ya Jogoo Road. Mtu wa nje akitusoma atasema hatuna kazi. Sawa. Lakini mimi nina msimamo, na leo nausema wote: hiyo ngoma wakiiacha, waacheni.

Wacha nieleze kwanza kwa wale hawajui. Linkin Park ni bendi ya Marekani iliyotoa Hybrid Theory mwaka 2000 na Meteora 2003. Kama uliwahi kukaa kwa saiba ya mtaa ukingoja zamu yako, ulisikia "Numb" na "In the End" hata kama hukujua ni za nani. Mike Shinoda alikuwa anarap, Chester Bennington anaimba, na akiamua kupiga mayowe unashangaa hilo koo limeundwa na nini. Tarehe 20 Julai 2017, Chester alijitoa uhai. Alikuwa na miaka 41. Bendi ikakaa miaka saba bila ziara. Septemba 2024 wakarudi na mwimbaji mpya, Emily Armstrong, dada kutoka bendi ya Dead Sara, na Novemba wakatoa From Zero, albamu ya ngoma 11. Hilo jina linarudi mwanzo kabisa, kwa sababu kabla waitwe Linkin Park walikuwa Xero.

Sasa fikiria wewe ndiye unapanga orodha. Una albamu saba za zamani, moja mpya, na usiku mmoja. Kila ngoma ukiingiza, nyingine inatoka. Ukipiga za zamani tu, wanakuambia unakula jina la marehemu. Ukipiga mpya tu, wanakuambia umemsahau. Hakuna pa kukimbilia.

Bendi zingine zina njia zao. Metallica walianza ziara Amsterdam mwaka 2023 ambapo wanapiga usiku mbili mji mmoja bila kurudia ngoma hata moja. Ukitaka zote, lipa mara mbili. Radiohead walikaa miaka bila kugusa "Creep", ngoma iliyowapa jina, halafu mwaka 2016 wakaipiga Paris bila kuonya mtu. Hizo ni hesabu za ladha. Bendi imechoka na ngoma, au inataka mashabiki wabaki wakikisia. Hesabu ya Linkin Park ni tofauti kwa sababu ndani ya kila kibao chao kuna sauti ya mtu ambaye hayupo.

Na walijaribu njia kadhaa. Oktoba 2017, kwa tamasha la kumkumbuka Chester pale Hollywood Bowl, walipofika kwa "Numb" hakuna mtu aliyeimba jukwaani. Maikrofoni ilisimama peke yake na maua, bendi ikapiga vyombo, na watu wote uwanjani wakaimba. Mwaka uliofuata Mike alizunguka peke yake na albamu yake Post Traumatic. Akifika kwa "In the End" alikaa kwa piano, akarap sehemu yake, na sehemu ya Chester akawaachia watu. Njia ya tatu ni hii ya sasa: mtu mwingine ashike maikrofoni na aimbe kwa sauti yake. Kwanza haina maneno, kisha ina umati, kisha ina mtu. Nikiangalia hivyo sioni bendi iliyokimbia kutafuta mbadala. Naona watu waliojifunza kuongea tena polepole.

Hii kitu naijua kwa sababu kwetu pia tuliwahi kupanga orodha.

Ndugu yangu mkubwa ndiye alinipa Linkin Park. Alikuwa amenipita miaka tisa. Alikuwa na flashi moja nyekundu imejaa ngoma, na Jumamosi akiosha viatu tuliisikiliza yote, kutoka mwanzo hadi mwisho, na hukuruhusiwa kuruka hata moja. Aliaga mwaka 2019, ajali ya barabarani. Nilikuwa kidato cha pili.

Tulimzika ushago, Vihiga. Kama umewahi kukaa kwa kamati ya mazishi unajua kuna ile karatasi ya programu: nani ataomba, nani atasoma historia ya marehemu, nyimbo gani zitaimbwa. Marafiki zake walikuja kutoka Umoja wamejaa matatu nzima, na walikuwa na ombi moja tu. "Numb" ipigwe, hata kama ni dakika moja, wakati jeneza linatoka nyumbani. Wazee wa kanisa wakakataa. Marafiki wakasema marehemu angetaka. Wazee wakasema marehemu alibatizwa, angetaka wimbo wa kanisa. Watu wazima walisimama chini ya mwembe wakipigania karatasi, kila mmoja akiongea kwa niaba ya mtu ambaye hangeweza kujibu.

Siku hizi nikisoma kwa grupu mtu ameandika "Chester angetaka hii", nakumbuka ule mwembe. Na kuna kitu kinachekesha hapa. Chester mwenyewe aliwahi kusema kwamba mwanzoni hakuipenda "In the End" na hakutaka iingie kwa albamu. "In the End"! Ukimpa marehemu kalamu apange, huenda angekukatia ile unaipenda zaidi. Kwa hivyo tuache kuwasemea.

Kwetu wazee walishinda mchana. Usiku ulikuwa wa vijana. Kesha lilikuwa na jenereta na spika mbili kubwa, na saa nane hivi za usiku binamu yangu akachomeka flashi nyekundu. Baba mdogo alikuwa ameketi kando ya moto amejifunga blanketi. Mayowe ya Chester yalipoanza akainua kichwa, akauliza, "Huyu kijana anapiga kelele hivi ana shida gani?" Binamu akamjibu, "Huyo pia alikufa, baba." Mzee akanyamaza. Akachochea moto. Halafu akasema, "Basi mwongezeeni sauti."

Hiyo ni "Numb". Inaweza kupigwa popote, na mtu yeyote, hata kwa wazee. Inabeba watu wengi. Lakini si kila ngoma iko hivyo, na hapa ndipo mathe anaingia.

Kuna wimbo mmoja wa kanisa ambao ndugu yangu alikuwa anauimba akioga, kila asubuhi, vibaya sana. Uliimbwa siku ya mazishi. Tangu siku hiyo mama akiusikia kanisani anachukua mkoba wake na kutoka nje, polepole, kama mtu anayeenda kupokea simu. Anasimama karibu na lango hadi uishe. Hajawahi kuomba usiimbwe. Hajawahi kumwambia mtu sababu. Lakini mama anayeongoza kwaya ana macho. Baada ya miezi kadhaa niligundua kwamba huo wimbo siku hizi hauimbwi mama akiwa ndani. Hakuna tangazo lililotolewa. Umetolewa tu kwa orodha, kimya kimya.

Sasa rudi kwa "One More Light". Ngoma hiyo haikuandikwa kuhusu Chester. Iliandikwa kwa sababu ya rafiki yao aliyefanya kazi kwa lebo yao, aliyefariki kwa saratani. Mei 2017, Chris Cornell wa Soundgarden alipofariki, waliiimba kwa televisheni wakimkumbuka yeye, na Chester ndiye aliimba. Miezi miwili baadaye Chester naye akaenda. Kuanzia hapo dunia ikaamua hiyo ni ngoma yake. Wamerudi mwaka 2024, Mike Shinoda akaeleza mbona hawaipigi: watu walishaifanya kuwa ya Chester, na kuiimba sasa ni huzuni kupita kiasi.

Huzuni kupita kiasi. Watu kwa grupu walisema hicho ni kisingizio. Mimi nikamwona mama yangu na mkoba wake karibu na lango.

Najua upande wa pili na siudharau. Kuna jamaa kwa hiyo grupu aliandika kwamba hiyo ngoma ilimshika mkono mwaka mbaya kuliko yote maishani mwake, na akiwahi kupata pesa ya kuwaona, ndiyo pekee anataka kusikia. Anasema bendi ina deni. Ametoa machozi, atatoa pesa, na anayelipa anastahili kuliwazwa. Hoja yake ina uzito. Kuna watu dunia hii wako hai kwa sababu kuna ngoma ilifika saa ambayo hakuna mtu alikuwa amepiga simu.

Lakini ndugu, ile ngoma iliyokushika mkono tayari unayo. Iko kwa simu yako, na anayeimba ni Chester mwenyewe, kila siku, kwa sauti ileile. Unachowaomba ni kitu kingine. Unawaomba watu waliomzika rafiki yao wasimame mbele ya maelfu, usiku baada ya usiku, mji baada ya mji, wafungue kidonda saa ileile ambayo taa zimepangwa kubadilika. Mara moja, ni kumbukumbu. Kila usiku wa ziara, inakuwa kazi. Na huzuni ikishakuwa kazi, sijui kama bado ingekuliwaza.

Na yule mwimbaji mpya je? Wanaomtupia Emily mawe kwa kuimba ngoma za Chester wengi wao ndio wanaoitaka "One More Light". Hebu chagueni. Mkiwa mnasema hafai kugusa "Crawling", mnamtakaje aguse ile nzito kuliko zote? Kumwachia "Faint" na "Papercut" na kumwepusha na hiyo moja ni heshima kwa Chester, na ni huruma kwake yeye pia.

Wengine wanasema basi zote za zamani zizikwe, wapige From Zero peke yake. Hapo pia nakataa. Siku moja dada yangu mdogo aliingia jikoni anaimba "Numb". Ana miaka 14 sasa. Nikamuuliza ameitoa wapi, nikidhani ni ile flashi. Akasema ameiona kwa simu, "ya yule dada". Emily. Hakujua kuna mwanamume aliyeiimba kabla. Mimi nikaanza kupandisha hasira, ile hasira ya shabiki wa zamani, halafu nikamwona mama. Alikuwa anakata sukuma. Hakushika mkoba, hakutoka. Aliendelea kukata, na dada yangu alipokosea maneno mama alicheka kidogo na kusema, "Ndugu yako alikuwa anaimba vibaya hivyo hivyo."

Kwa hivyo hata mama ana orodha yake. Kuna wimbo anaoweza kuusikia kutoka kwa mdomo mwingine na akacheka, na kuna mmoja ambao bado hauwezi. Hakuna kanuni hapo. Huwezi kumshawishi kwa hoja, huwezi kupiga kura. Siku moja labda atakaa ndani hadi wimbo uishe. Labda hatakaa. Hilo ni lake.

Linkin Park nao wako vivyo hivyo. Huenda mwaka fulani, mji fulani, wataipiga bila kuonya mtu, kama Radiohead pale Paris, na grupu yetu italipuka usiku kucha. Nitafurahi kama kila mtu. Lakini sitawasukuma. Wasee, endeleeni kulalamika kuhusu mengine yote. Mimi mwenyewe bado nataka ngoma zaidi kutoka A Thousand Suns na sitanyamaza. Hiyo moja tu, tuwaachie.

Sasa niambie wewe: kuna ngoma gani hukubali ipigwe ukiwa karibu? Si lazima uniambie sababu.